Gunia la Ngumi Kule Langas

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Wafula kwao, upande wa Webuye. Nilipewa kipaza sauti niseme machache kwa niaba ya majirani wake wa zamani wa Eldoret. Nikasema alikuwa mtu mtulivu, mpenda chai tamu, na kwamba aliwahi kunifundisha kazi ambayo wasichana wa siku zetu hawakuwa wakifundishwa. Kisha nikaketi. Baada yangu bintiye mkubwa, Nekesa, alisoma wasifu wa marehemu. Alipofika kwenye miaka ya reli, alisema baba yao alipigana ngumi mara kumi na moja katika klabu ya wafanyakazi na akashinda mara mbili. Mimi alikuwa ameniambia alishinda zote. Nilicheka ndani ya leso, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, na mama mmoja aliyeketi karibu nami akanishika mkono akidhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu, ila si wa msiba peke yake. Kuna siku chache katika maisha ya yule mzee ambazo kwa sasa ni mimi tu ninayezijua, na nilikuwa nimesimama mbele ya umati ule nikiwa na kipaza sauti mkononi bila kuzitaja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, karani mpiga chapa katika ofisi moja ya ushirika wa wakulima mjini, na nilikuwa nimepanga chumba Langas kwa Mama Jeptoo. Ploti yake ilikuwa na vyumba sita vya mbao, vitatu upande huu na vitatu upande ule, mfereji wa kuchotea maji katikati, na nyuma zizi la ng'ombe wawili ambao harufu yao iliingia mpaka kwenye blanketi. Changu kilikuwa cha mwisho, karibu na zizi. Kilikuwa na kitanda, meza, stovu ya mafuta taa, kalenda iliyopatikana kwa wauza mbolea, na dirisha dogo la kushikizwa kwa kijiti. Ukutani nilibandika magazeti kuzuia upepo, maana baridi ya Eldoret mwezi wa saba haimwonei mtu haya. Chumba cha kati alikaa Mzee Wafula, mstaafu wa reli ambaye sasa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha nguo. Cha mbele, karibu na lango, alikaa Stanley, kijana wa baraza la mji aliyevaa beji ya chama hata alipokuwa akifua. Kati yetu palikuwa na mbao za unene wa kidole. Nilimsikia Mzee akikoroga sukari, na kutokana na muda aliotumia kukoroga nilijua ameweka vijiko vingapi.

Mambo yalianza jioni moja nikitoka mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nimekata njia ya kando ya mto Sosiani ili nifike mapema. Vijana wawili wakanikuta. Mmoja alinyakua mkoba, mwingine akanizaba kofi moja, si kubwa, kama mtu anayesukuma mlango ujifunge. Kisha wakaenda zao wakitembea. Hawakukimbia. Walijua sitafanya lolote, na kweli sikufanya. Nilisimama pale mikono ikining'inia mpaka mwanamke aliyebeba kuni akaniuliza kama nimepotea. Kofi lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni kule kusimama. Nilikuwa nimejidhania kuwa mtu wa namna fulani, na pale njiani nikaonyeshwa kwamba sivyo nilivyo.

Tangu siku hiyo woga ukahamia kwangu kama mpangaji. Nilifunga komeo, nikalala, nikaamka kulihakikisha, nikalala tena. Niliacha kula nyama na githeri ya mahindi na maharagwe, kwa sababu nilipotafuna nilisikia taya zangu tu, na niliogopa mtu asije akafika mlangoni nikiwa natafuna. Nikawa mtu wa uji na chai. Ofisini, mtu akiinua mkono kuchukua faili juu ya kabati, nilifumba macho. Wiki tatu zilipita hivyo, mpaka jioni moja sauti ya Mzee Wafula ikapenya mbao.

"Karani," alisema. Hakuwahi kuniita jina lingine. "Hilo komeo umelifunga mara nne. La kwanza halikushika?"

Nikajikuta namweleza yote, mimi nikiwa nimeketi kitandani kwangu, yeye akiwa kwake, kama watu wanaoungama. Halafu akasema, "Mikono yako haijui iko wapi. Hiyo si woga. Ni mazoezi imekosa."

Jumamosi iliyofuata tulienda mjini, yeye akiwa mbele kwa koti lake la reli, mimi nyuma hatua tano ili watu wasiseme. Katika duka moja la vifaa vya michezo kulikuwa na gunia la ngumi la ngozi, limening'inizwa kwa mnyororo. Mzee alilibonyeza kwa kidole gumba, akalinusa, akamwuliza mwenye duka ndani kuna nini, kama mtu mwenye nia ya kununua. Mwenye duka alisifu ngozi, akasifu mnyororo. Mzee akanigeukia. "Hii inataka boriti. Wewe una boriti? Ukipiga mara tatu, mabati ya Mama Jeptoo yanatufunika sisi wote." Mwenye duka, akiona mteja anamponyoka, akatoa kitabu cha picha cha vitu vya ng'ambo. Humo kulikuwa na gunia la aina nyingine, lililosimama kwa mguu wake lenyewe juu ya kitako kizito, bila mnyororo wala boriti. La kuagiza, alisema, na lingechukua miezi. Mzee aliitazama ile picha kwa makini, akapima kwa vidole mguu na kitako, akashukuru. Tulipofika nje kwenye veranda akasema, "Basi. Tumeshaona vile inasimama."

Kazi ilichukua karibu mwezi. Alitafuta tairi kuukuu ya lori, akaipakia kwenye wilbaro na kuifunika magunia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, akaisukuma kutoka gereji mpaka Langas giza likiingia. Fundi wa kuchomelea alikata bomba la chuma vipande viwili na kutia springi nene ya gari katikati, ili gunia likipigwa lilale kidogo kisha liinuke. Tulilaza tairi chumbani kwangu, tukasimamisha bomba katikati, tukamimina simiti na kokoto humo humo, maana ikishakauka haibebeki tena. Kwa wiki nzima niliinyunyizia maji asubuhi na jioni kama mtu mwenye kitalu cha mboga. Kisha Mzee akaja na kamba kunipima urefu.

"Kichwa cha gunia kiwe sawa na kidevu cha huyo aliyekupiga. Alikuwa na urefu gani?"

Nikagundua sikuwa nimemtazama. Nikasema labda kama Stanley. Ndivyo gunia langu lilivyokatwa kwa kimo cha Stanley wa baraza la mji.

Kuhusu cha kujaza tulibishana kidogo. Mimi nilitaka mchanga, kwa kuwa ulikuwa karibu na mto na haukuhitaji kuombwa kwa mtu. Akakataa kabisa. Mchanga hushuka, alisema. Baada ya muda chini panakuwa jiwe, juu panakuwa hewa, na mpigaji anavunjika kiganja. Kinachofaa ni nguo. Kiwandani kwao walitupa vitambaa vilivyokatwa pembeni, vyembamba kama utepe, vya kila rangi, na kila asubuhi akitoka zamu alibeba furushi moja kwa ruhusa ya getini. Tulivishindilia kwa mpini wa jembe ndani ya gunia la turubai alilolishona mwenyewe kwa uzi wa ngozi. Tulipoanza vilikuwa bado haba, na mimi kwa kutaka kusaidia nilileta takataka za ofisini za kuweka chini kabisa. Zilikuwa karatasi zilizoharibika pamoja na stensili zilizokwisha kutumika, zile karatasi za nta tulizozipiga kwa taipureta kisha zikavishwa mashine ya kutoa nakala. Zilikuwa saba. Zilikuwa za kutupwa. Nilizikunja, nikazizamisha, nikazisahau.

Somo la kwanza alinifundisha mlango ukiwa wazi, Jumamosi moja mchana ambapo ploti yote ilikuwa imeenda sokoni. Alinivika glavu zake kuukuu zilizopasuka ngozi, akanifunga viganja kwa vipande vya shuka. "Usipige na mkono. Piga na kisigino cha mguu wa nyuma, mkono unapeleka tu ujumbe." Nilipiga. Gunia liliinama kama mtu anayesalimu, likarudi, na nikaruka nyuma kwa woga. Akacheka. "Inarudi, ndiyo. Hiyo ndiyo maana ya kusimama." Baada ya hapo hakuingia tena, kwa heshima. Alinifundisha kupitia ukutani. Saa kumi na mbili jioni, kabla hajaenda kazini, alikunywa chai yake kwake huku mimi nikipiga kwangu, mlango umefungwa na leso imening'inizwa dirishani, maana sikutaka kwaya nzima ijue. "Ya kushoto imechelewa," angesema. Au, "Hiyo umepiga ukifikiria kitu kingine." Alijua kwa kusikia tu. Na hadithi za mapambano yake zilikuja katikati ya mazoezi, moja kila jioni, na katika kila moja alishinda.

Sijui nieleze vipi raha ya miezi ile miwili. Nilirudia kula. Nilinunua nusu kilo ya nyama, nikaitafuna mpaka mwisho, nikisikia taya zangu na nisijali. Nililala usiku kucha. Njia ya mto sikuipita tena, lakini niliitazama nikiwa darajani, na mikono yangu ilikuwa pale pale mwisho wa mabega, ikijulikana.

Halafu karatasi zikaanza kuokotwa. Asubuhi moja watu waliofika sokoni mapema walizikuta zimetupwa kati ya vibanda, zimechapwa pande zote mbili, zikiisema serikali vibaya. Mimi sikuiona hata moja, na kila niliyemwuliza hakuwa ameiona, ingawa kila mtu alijua yaliyoandikwa. Tulisikia kwamba miji mingine walimu na wanafunzi walikuwa wakichukuliwa. Watu wakaanza kuongea wakitazama mlango. Ofisini, meneja wetu, Bwana Mutai, alitoa stensili kabatini, akazihesabu mbele yetu chini ya picha ya Rais, akafunga kabati na kutia ufunguo mfukoni. Kuanzia siku hiyo ungepewa mpya ukirudisha iliyotumika. Kisha akaniuliza zilizotumika za nyuma ziko wapi. Nikamwambia nilizitupa. Alinitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya chumba changu nikianua nguo, nikamsikia Stanley akiongea na Mama Jeptoo zizini. Mama alikuwa anakamua.

"Mama, hiyo chumba ya Mzee iko na mashine."

"Mashine ya nini?"

"Ya kuchapa. Wewe husikii? Kila siku saa kumi na mbili. Inalia kwiich, inagonga, kwiich, inagonga. Hiyo ni mtu anazungusha kitu. Na aliingiza kitu nzito na wilbaro, amefunika. Na asubuhi anakuja na furushi. Furushi ya nini?"

"Labda anafua."

"Anafua nini, na anaongea na nani? Kila jioni anaongea peke yake, halafu hiyo kitu inalia."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni. Mimi niliganda na shuka mkononi. Nilifanya kazi kando ya mashine ya kutoa nakala mwaka mzima. Niliijua springi yake na mkono wake unaogonga, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba gunia langu lililia sauti hiyo hiyo. Na lazima niandike jambo lililofuata, maana ndilo nililolificha zaidi. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Alikuwa amesema chumba cha Mzee. Hakusema changu.

Sikupiga tena jioni ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu Mzee aligonga ubao. "Karani, unaumwa?" Niliweka mdomo kwenye magazeti ya ukutani nikamnong'oneza yote niliyoyasikia, na habari za stensili pia. Nilisikia akiweka kikombe chini. "Basi pumzika," alisema. "Lakini kunyamaza ghafla nako ni kelele. Ukiulizwa, wewe hujui kitu. Umesikia? Mtu anayepiga chapa, na stensili ndani ya nyumba, hao wa serikali hawatauliza ni ya kazi gani."

Walimchukua Jumapili. Nilirudi kutoka kanisani nikiwa na kitabu cha nyimbo kwapani, nikamkuta Mama Jeptoo amesimama mferejini, ndoo imejaa na maji yanamwagikia miguu yake.

"Wamebeba Mzee," alisema. "Wanaume watatu, hawana uniform. Wameuliza ile mashine alileta na wilbaro iko wapi. Akasema ni tairi. Wakauliza tairi gani, iko wapi. Akanyamaza. Akakataa kabisa kusema."

Mlango wa Mzee ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa limepasuliwa, sufuria zimetupwa nje, sukari imemwagika na sisimizi wameshaiona. Hawakuwa wamepata mashine, kwa hivyo wakaamua imehamishwa, kwa kuwa kelele zilikoma wiki hiyo hiyo. Nilisimama kizingitini nikajua kila kitu kwa mara moja. Angeweza kusema, nendeni chumba kinachofuata, mtaona tairi. Maneno hayo tu yangemtoa. Hakuyasema kwa sababu yangenifikia mimi. Na mimi ningeweza kwenda mchana ule ule, nikiwa bado nimevaa nguo za kanisa, nikayasema. Niliingia chumbani, nikafunga komeo, nikalifunika gunia shuka.

Jumatatu nilienda kazini, nikakosea barua moja mara tano. Jumanne niliwaza kutoa stensili na kuzichoma. Nilichukua kisu cha jikoni nikajaribu kukata mshono wa chini, lakini uzi wa ngozi ulikuwa umekaza na kila ulipolia nilisikia kana kwamba ploti nzima imesikia. Nikaacha. Jumatano Stanley alinisimamisha langoni, akaniamkia kwa upole kuliko siku zote, akauliza kama Mzee alikuwa akinipa kazi za kuchapa. Nikasema simjui sana. Nilisema hivyo, simjui sana, kwa sauti ya kawaida, na nikaenda kununua mkate. Sikuweza kuula. Kila usiku nilijiambia kesho, na kila asubuhi nilijikuta kule kando ya mto, mikono ikining'inia. Miezi ile yote ya kupiga ilikuwa imenifundisha kumpiga mtu asiye na mikono.

Alhamisi, niliporudi kutoka kazini, Mama Jeptoo alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, akaketi kitandani bila kukaribishwa. Alimimina kikombe kimoja, akanipa. Kisha akatazama shuka iliyofunika gunia.

"Hiyo ndiyo wanatafuta," alisema.

Nikaanza kulia.

"Usilie. Mimi nilikuona kwa dirisha, kitambo sana. Leso yako ni fupi. Nikaona msichana anapiga gunia, nikasema, heri apige gunia."

"Kwa nini hukuwaambia, Mama?"

Alizungusha kifuniko cha kibuyu. "Kwa sababu ploti ni yangu. Wakipata kitu kwa ploti yangu, mimi nitakuwa wapi? Nimekaa na hiyo maneno tangu Jumapili. Chakula haishuki." Akafunga kibuyu. "Kunywa, halafu twende. Wewe peke yako utarudi njiani. Na mimi peke yangu nitarudi."

Kwenye kituo cha polisi tulisubiri kwenye benchi mpaka mtu wa koti la kahawia akatuita ndani. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa hesabu, taratibu, bila hasira. Nilimwambia ni gunia la ngumi. Alinifanya nirudie. Kisha akachukua wenzake wawili, tukapanda gari lao, Mama Jeptoo na mimi tukiwa tumeshikana mikono nyuma. Walipoingia chumbani walikijaza. Walivua shuka, wakalizunguka gunia, wakalisukuma, likainama na kurudi, springi ikalia ile sauti. Mlangoni Stanley alikuwa amesimama na majirani wengine.

"Piga," alisema yule wa koti.

Sikuweza. Mikono haikuja. Alisema tena, "Kama ni yako, piga." Nikamtazama Stanley, nikaona kidevu chake na kichwa cha gunia viko sawasawa, nikasukuma kisigino cha nyuma kama nilivyofundishwa. Nilipiga bila glavu. Kushoto, kulia, kushoto. Nadhani nilipiga kwa muda mrefu, maana Mama Jeptoo ndiye aliyenishika bega nikasimama, na ngozi ya vifundo ilikuwa imetoka. Mmoja wa wale wanaume alikuwa anatabasamu. Yule wa koti hakutabasamu. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akalipasua gunia kutoka juu hadi chini.

Vitambaa vikamwagika sakafuni, vyekundu, vya kijani, vya buluu, rundo mpaka magotini. Wakachambua kwa mikono. Chini kabisa zikatoka karatasi, kisha stensili, zimekunjamana, moja baada ya nyingine. Nikasikia ng'ombe wakicheua zizini. Yule wa koti aliinua ya kwanza dirishani kwenye mwanga, akaanza kuisoma kwa sauti, polepole. Ilihusu mbegu za mahindi zitakazogawiwa wakulima wa Chepsaita. Ya pili ilikuwa mkutano wa josho la ng'ombe. Alizisoma zote saba, mpaka saini. Alipomaliza alizipanga vizuri, akaziweka mfukoni, akasema, "Kesho meneja wako ataniambia kama ni zake." Wakaondoka. Stanley alikuwa ameshaingia chumbani kwake.

Bwana Mutai alikubali ni zake, na hilo ndilo lililotuokoa. Lakini alikuwa na woga wake mwenyewe, na kabla ya saa nne Ijumaa hiyo aliniandikia barua ya kuachishwa kazi. Aliniomba niipige chapa mimi mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na karani mwingine. Nikaipiga bila kosa hata moja.

Mzee Wafula alirudi jioni ya Ijumaa hiyo. Alikuja kwa miguu, viatu bila kamba, akishika suruali kwa mkono kwa sababu hawakumrudishia mshipi. Mama Jeptoo alimpelekea maji ya moto ya kuoga. Baadaye akagonga kwangu, akaingia, mlango tukauacha wazi. Alitazama bomba lililobaki limesimama uchi na rundo la vitambaa pembeni, akaketi. Nikampa chai. Hakushika kikombe kwa mkono wake wa kulia. Alikibana kati ya viganja viwili, vidole vikiwa vimesimama kama vya mtu anayeogopa kuvitumia. Sikuuliza kilichotokea, na mpaka anakufa hakuniambia.

"Mzee," nilisema, "nilikaa siku nne. Nilijua, na nikakaa siku nne."

Alikunywa, akameza, akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Tano," alisema. "Walikuja kuniuliza habari ya gunia Alhamisi. Jumapili pia ni siku, Karani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama alivyokuwa akisema kupitia ukutani kwamba ya kushoto imechelewa. Nilikuwa nimeitoa Jumapili kwenye hesabu bila kujua, kwa sababu nilikuwa na kitabu cha nyimbo kwapani, kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, kwa sababu mtu hupata sababu. Nikasonga ugali, nikapika mboga ya sukuma na mayai mawili ya Mama Jeptoo, nikamwekea sahani mbele. Alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, akikata matonge madogo. Mimi sikula. Nilimtazama mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Umenisamehe, Mzee?"

Alitafuna, akameza. "Nipatie chumvi," alisema.

Nikampa. Akanyunyiza, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha, akaifuta kwa tonge la mwisho. Nimeishi na jibu hilo karibu miaka arobaini. Kuna siku ninalisikia kama ndiyo. Kuna siku ninasikia tu mtu aliyekaa siku tano bila chakula cha maana, ambaye mboga zake hazikuwa zimekolea.